Kahawa ya Jua Kabla ya Jua

Kaldeyri,
Pwani ya Magharibi,
Aisilandi.
31 Januari 2004

Mpendwa Shangazi Marsibil,

Shikamoo. Hali yako huko Gimli, ng'ambo ya bahari? Magoti yametulia, au bado yanakutangazia theluji kabla ya redio? Na mumeo Mzee Tryggvi, ameacha kupanda juu ya paa? Najua simu huisikii vizuri siku hizi, ndiyo maana nimechukua kalamu, na ninaandika kwa herufi kubwa ili usimsumbue mtu kukusomea.

Sisi huku ni wazima. Theluji imefika dirisha la jikoni, lakini kahawa ipo na mafuta ya kupashia nyumba joto yapo. Msiba wetu ulikuwa mmoja tu: Kátur, mbwa wa kaka Ebeneser, alikufa Oktoba kwa uzee. Kaka alimzika nyuma ya kibanda cha nyavu. Anasema hakulia. Rakel mkewe anasema alilia siku mbili.

Sasa shangazi, kaa vizuri kitini, maana kile kikaango chako ulichoniachia nimekitumia kwa hila, na nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa Ebeneser.

Sheria yetu unaijua kuliko mimi, kwani aliyeianzisha ni mama yako. Tarehe 25 Februari, jua likitokeza tena juu ya mlima unaolificha msimu wote wa baridi na kugusa paa la kanisa, kijiji kizima kinakunywa kahawa ya jua na kula chapati za maji. Nahodha akishakula hiyo chapati, hatupi tena wavu ghuba ya ndani mpaka Pasaka ipite, maana ndipo kamba majike wanapoingia humo na mayai tumboni, tayari kuyaangua. Haikuandikwa popote, na hakuna aliyewahi kuivunja.

Lakini kamba hawalioni jua letu. Wao wako chini kabisa, na saa yao ni baridi ya maji. Daftari la marehemu baba linaonyesha kuwa majira kama haya maji ya chini yalikuwa digrii mbili. Mimi nashusha kipimajoto kila Jumatatu, mwaka wa sita sasa, na Jumatatu iliyopita kimeniletea digrii tano. Maji yakipata joto, mayai hayangoji mtu. Yale macho meusi ndani ya yai, dalili kwamba linakaribia kuanguliwa, uliyonifundisha kuyatafuta kwa kioo cha kukuzia nikiwa nimekaa chini ya meza yako ya kumenyea kamba, wewe ulikuwa ukiyaona karibu na siku ya kahawa. Mwaka huu nimeyaona tarehe 12 Januari.

Nikuungamie jambo. Mwaka jana, tarehe 10 Februari, nilivuta wavu ghuba ya ndani mimi mwenyewe. Jua lilikuwa halijafika, kwa hiyo sikuvunja sheria. Wavu ukaja umejaa majike, wakubwa, wanono. Nilipowamwaga kwenye sanduku, mayai yakaanza kupasuka palepale sitahani, vitoto vidogo kama punje za vumbi vinatapatapa kwenye maji ya theluji. Nikachukua mpira wa maji nikaosha sitaha. Sikumwambia mtu. Niliona haya, shangazi, na bado naona haya.

Wewe ndiye uliyeniambia kwamba kamba wetu wote huanza maisha wakiwa madume, na huchukua miaka minne mitano baharini mpaka wageuke majike na kubeba mayai. Basi fikiria nilichoosha siku ile. Na hata wale wanaosalimika sasa wanaanguliwa mapema mno, wakati chakula chao, vile vijimea vya baharini, bado kinangoja mwanga wa jua ndipo kiote. Watoto wanafika, meza haijaandaliwa. Hilo siwezi kulitengeneza. Jua halihamishwi. Lakini kuwaacha mama zao wazae, hilo liko mikononi mwetu, na niliapa mwaka huu halitanipita.

Boti zinazovua hapa zimebaki tatu: yangu, ya Elías na ya kaka. Nilimwendea Elías kwanza. Akasema yuko tayari kuondoa nyavu sasa hivi, lakini tukiziondoa wote watatu. Hataki kukaa gatini akimtazama Ebeneser anajaza masanduku. Sikumlaumu.

Kwa hiyo mzigo wote ukamwangukia kaka. Nilimpelekea mayai kwenye chupa, nikampelekea daftari la baba. Alikuwa anarekebisha wavu, hata hakuinua kichwa.

“Mdogo wangu,” akasema, “mimi nafuata jua. Baba alifuata jua, babu alifuata jua. Sasa wewe unataka nifuate kipimajoto cha juzi tu?”

Nikamwambia jua halijui kinachotokea chini ya maji.

“Na wewe unajua? Haya, siku ya kahawa nitakula chapati na nitatoa nyavu, kama kawaida. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.”

Nilirudi nyumbani nina hasira hata nikaingia ndani na viatu. Kisha nikakaa, nikafikiri. Amesema siku ya kahawa. Hakusema tarehe. Mama yako naye hakusema tarehe, alisema chapati.

Basi jana nikaitisha kahawa ya jua. Nilibandika tangazo dukani: saa tisa mchana, ukumbini, wote karibuni. Nikashusha kikaango chako ukutani, nikakaanga chapati sitini na mbili. Nilifikiri nitazila peke yangu mpaka Pasaka. Lakini watu walikuja, shangazi, wamevaa nguo zao nzuri, wanacheka mlangoni kwamba Salvör ameota jua. Nje mlima umetufunika na kivuli chake, na sisi ndani tunajitia kulipungia jua mkono. Wazee waliimba. Elías alikula tatu mfululizo, akafuta mdomo, akasema kwa sauti kwamba, Ebeneser naye akila, nyavu zake zitakuwa juu kabla ya chakula cha usiku. Na mimi nikala mbele ya wote.

Ebeneser aliingia mwisho. Akasimama mbele ya meza na kofia yake kichwani.

“Jua liko wapi?”

“Nyuma ya mlima,” nikamjibu. “Linakuja.”

“Hii ni hila, Salvör.”

“Ni hila, kaka. Na mayai yana macho.”

Aliitazama sahani kwa muda mrefu. Sikufichi, kama angegeuka na kutoka mikono mitupu, kila kitu kingeishia pale. Akachukua chapati moja, akaikunja ndani ya leso, akaitia mfukoni. Akatoka bila kuila.

Usiku sikupata usingizi wa maana. Leo asubuhi nimeshuka bandarini, na boti yake ilikuwa imefungwa gatini. Wavu wa ghuba ya ndani ulikuwa umetundikwa kwenye ukuta wa kibanda chake, umeoshwa. Yeye hakuwepo. Nikapanda kwao. Rakel akanieleza kwamba jana aliiweka ile chapati kwenye sahani katikati ya meza, akaitazama, akaenda kulala bila kuigusa. Asubuhi Rakel alipoamka, sahani ilikuwa tupu na mumewe ameshatoka kwenda kutoa wavu.

Baadaye nikakutana na kaka njiani. Nikamuuliza chapati imekwenda wapi.

“Mbwa amekula,” akasema, akapita zake.

Ndiyo hivyo, shangazi yangu. Kátur, aliyezikwa Oktoba, ndiye aliyefunga ghuba ya ndani mwaka huu, na mimi sitabishana naye.

Msalimie sana Mzee Tryggvi, na binti zako Ólöf na Sigþrúður, uwaambie kikaango kiko salama. Rakel anakusalimu. Ebeneser hajasema nikusalimie, lakini amenipa stempu ya barua hii bila kuombwa. Mungu akulinde na barafu za njiani, akujalie macho ya kuusoma mwandiko wangu na miguu ya kukurudisha huku mara moja tena, jua la kweli likiwa juu ya kanisa.

Ni mimi mwana wa kaka yako, akupendaye daima,

Salvör