Msimamizi wa Mpwa Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimepewa cheo! Uzee huu, darasa la nne lenyewe nililikimbia, na sasa mahakama inanitegemea. Mpwa wangu alivunja vioo vyote vya kinyozi — eti vinamsengenya. Hakimu kasema ugonjwa hautibiwi kwa kufuli. Kijana hafungwi: atakaa kwangu, ataenda kliniki, atameza kidonge kila asubuhi mbele ya ndugu mwenye akili timamu. Akikiuka, jela miaka miwili. Hakimu akauliza, ni nani ndugu huyo? Ukoo mzima ukatazama dari. Nikanyoosha mkono. Kinyozi alicheka hadi akapaliwa.

Jumatano, 6 Machi
Mpwa kagoma. Kidonge mkononi, meno yamebana. Anasema ni sumu. Nimebembeleza, nimetisha, nimeimba. Wapi! Basi nikatumia hekima ya wazee: nikachomoa kingine, nikakimeza mbele yake. Haya baba, mjomba wako kafa? Akacheka, akameza chake. Daktari gani angeweza haya?

Alhamisi, 7 Machi
Hekima ya wazee ililala tangu jana asubuhi! Nimeamka leo, udenda hadi kwenye kola. Mpwa alinivua viatu, akanifunika, akanifukuzia nzi. Jirani alipouliza, akajibiwa: Mjomba kapumzika, kazi ya serikali nzito. Leo kijana kameza bila kuombwa. Mimi ndiye nashindwa kushika kikombe — mkono unacheza bila ngoma.

Ijumaa, 8 Machi
Afisa wa uangalizi kaja. Binti mpole, macho ya mwewe. Akageuza pakiti. Babu, kimoja kimezidi kutoka, kiko wapi? Na mimi, domokaya niliyeshinda kila ubishi wa mtaa huu, nikauliza kama atakunywa maji. Hakutaka maji. Kasema Jumatatu twende kwa hakimu, huenda kijana anatupa dawa.
Nikisema kweli, navuliwa usimamizi. Mwingine hayupo, kijana anafungwa. Nikinyamaza, anafungwa. Hongera, mwenye akili timamu!

Jumatatu, 11 Machi
Benchi la mahakama. Vifungo vya shati nimevikosea, mpwa kanirekebishia mbele za watu kama mtoto wa chekechea. Nimemnong'oneza: leo nasema, nilimeza mimi.
Katikisa kichwa. Acha, Mjomba. Nitasema nilikitupa.
Wewe, wakikufunga je?
Akanitazama kwa huruma — mimi! Kasema: Mzee mzima umeze dawa ya kichaa ili umshawishi kichaa? Nani ataamini? Mimi wataniamini upesi.
Nikaangua kicheko, askari akanikemea. Halafu kicheko kikanikwama. Maana kijana kasema kweli, na kaisema ametulia, mikono haitetemeki, macho yamekaa sawa. Dawa inamfaa! Siku chache tu, na inamfaa, na mimi nitampeleka gerezani kwa ujanja wangu.
Karani anaita jina lake. Kasimama haraka, anaelekea mlangoni kwa hakimu. Nami nasukuma magoti haya yainuke, niwahi kusema kabla yake — ole wao yakigoma leo.