Mstari Mweupe

3 Aprili

Kaka, shikamoo.

Nyonga inasemaje na baridi hii? Mimi mzima, ila nimelowa mpaka mawazo. Mvua haikati. Jana nashuka mteremko wa kiwanda cha sabuni, kufika ile kona, baiskeli ikaanza kucheza kama mbuzi aliyekata kamba. Nikashuka, nikaisukuma. Wauza viatu wakanicheka: "Mpe na maziwa basi, mtoto wako huyo."

Mashindano ni tarehe kumi na nane, yanapita hapohapo. Nikiingia tatu bora klabu inanichukua, na saruji watabeba wengine. Wewe ndiye ulikuwa mfalme wa barabara ile. Niambie tu, pakilowa napitaje? Ukisema niruke, naruka.

Mdogo wako

9 Aprili

Bwana mdogo, marahaba.

Nyonga inauma, asante kwa kuikumbusha. Mama hajambo. Ametoa picha yangu ya kombe pale sebuleni, kaweka yako na kile kimedali cha bati. Anasema ukuta una msumari mmoja. Mimi ndiye niliyemshikia stuli.

Kona ni rahisi. Jaza upepo mpaka tairi ziwe jiwe. Ukifika, panda ule mstari mweupe wa pembeni, lala nao mpaka mwisho. Lami ina mafuta ya malori, rangi haina. Breki waachie waoga.

Kaka yako

30 Aprili

Kaka, shikamoo.

Hamjambo, wewe na Mama? Samahani kwa mwandiko, naandika kwa kushoto. Nilikuwa wa pili, kaka, wa pili, mpaka kwenye kona. Nikapanda mstari kama ulivyosema. Sikuanguka, nilifutwa. Goti lina vyuma. Daktari anasema litakunjika kiasi cha kukalia kiti, si cha kukanyaga pedali.

Fundi wa klabu alikuja kunitazama. Akasema hata mtoto wa baiskeli ya magurudumu matatu anajua rangi ikilowa ni sabuni, nani kanidanganya? Nikamwambia ni akili yangu mwenyewe. Sikukutaja. Miaka yote hiyo hujaendesha, mtu anasahau.

Hivi wewe ulianguka wapi? Hujawahi kuniambia.

Mdogo wako

21 Mei

Bwana mdogo, marahaba.

Pole na maumivu. Yatapungua, halafu yatazoeleka. Mama hajambo, analia kidogo jioni.

Umeuliza, nakujibu. Palepale. Juu ya mstari huohuo, mvua kama hiyo.

Picha yako nayo imetolewa. Kwenye msumari Mama ametundika saa. Kitanda chako cha zamani nimekitandika, kile cha ukutani. Cha dirishani nimeshazoea mimi. Tutakuwa wawili sasa, hata mazungumzo yatanoga.

Ukija, pitia nyuma. Ngazi zinateleza sana siku za mvua, lakini usiwe na wasiwasi. Nitakuwa nimesimama juu, nitakuambia pa kukanyaga.

Kaka yako