Mwalimu Aliyenifundisha Logarithi

Muganza, Jumatano

Papa mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na Maman. Je, goti limekubali kupanda ngazi za kanisa, au bado linakununia? Sisi huku tu wazima. Vumbi la saruji tunalila kama kawaida, na mpunga mwaka huu umeitika.

Papa, kaa vizuri kwenye kiti. Nimefaulu mtihani! Tangu Jumatatu nimeacha kushona mifuko, nimeingia maabara ya kiwanda kupima saruji. Koti langu ni jeupe hadi jirani yangu Maman Umwali akaniletea mtoto mwenye kikohozi nimtibu.

Wewe ulikuwa mwalimu, unajua kilichokuwa kikinitisha: logarithi. Miaka yote nilizikariri tu bila kuzielewa. Aliyenifundisha safari hii (jina lake nitalitaja, uvumilie) alinifungia daftari akasema, “Mutoto, acha kuogopa. Iyo logarithme inauliza tu: mara ngapi?” Uzidishe kumi kwa kumi, ziwe kumi ngapi upate mia? Mbili. Upate elfu? Tatu. Basi mia ukiizidisha kwa elfu, mbili na tatu ni tano, na laki hiyo hapo! Kuzidisha kumegeuka kujumlisha. Ukigawanya, unatoa. Na moja, logarithi yake ni sifuri, kwa kuwa kumi haijaitwa kazini hata mara moja. Papa, nilipiga vigelegele peke yangu.

Furaha ikanilevya. Alipoandika mia kujumlisha elfu, nikajibu tano tena. Akaniuliza tangu lini mia na elfu zikawa laki. Kama ndivyo, aache kushona viatu pale Kamembe, tufanye biashara mimi na yeye. Tulicheka mpaka wateja wake wakageuka.

Sasa jina. Ni baba mdogo Donatien. Najua ni miaka ishirini na mitano hutaki atajwe nyumbani, tangu ulipokuta kurasa za kitabu chako cha majedwali ya logarithi zimechanwa, ukamfukuza kwa sababu alikuwa na mazoea ya kusokota tumbaku kwa karatasi. Si yeye, Papa. Ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi. Nilizichana nifungie karanga nilizouza shuleni, kisha nikanyamaza ukimtolea mizigo yake nje. Nimeona haya miaka yote hii, na naona haya nikiandika.

Yeye nimeshamwungamia. Aliuliza kama karanga ziliisha zote. Nikalia. Akanirudishia daftari, akasema tuendelee.

Jumapili baada ya misa tutavuka mpaka pale Rusizi I kuja kwenu, yeye na mimi. Amejishonea viatu vipya kwa safari hiyo, ingawa anajifanya ni vya mteja. Mwambie Maman aongeze chunguni sombe ya watu wawili, na umsalimie kaka Gad na wanawe.

Mlango ukigongwa, Papa, nakuomba ufungue wewe mwenyewe. Mimi nitakuwa nyuma yake, unigombeze nikiwa nimesimama.

Ni mimi bintiyo,
Mukandori