Mashine Uliyotuma Haiingii

Kaka,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa nimelelewa hivyo, si kwa kuwa nina hamu na wewe. Sisi hatujambo. Mama ni mzima, anakula, analala, magoti ndiyo yale yale. Natumaini wewe, wifi na watoto mu wazima, na kwamba koo lako halijakauka kwa kunisema.

Baba mdogo amenipigia simu. Kumbe umeuambia ukoo mzima kwamba ninamzuia mama. Eti mara tatu nimeahidi kumleta akaishi kwako, mara tatu gari la marehemu baba limegoma asubuhi ile ile ya safari, na kesho yake linanguruma madukani nikisambaza mayai. Eti gari halijui kalenda. Ukaongeza kwamba nataka mama abaki ili nami nibaki kwenye nyumba ya baba. Kaka, neno hilo limeniuma kuliko kofi. Nikaapa nitaujua ugonjwa wa gari hili, nikuletee ushahidi, unyamaze.

Mashine yako ya kupimia gari ilifika. Uliagiza nichomeke tu, eti inasoma kila gari, na nikisema imeshindwa nitakuwa nadanganya. Nichomeke wapi? Niliingia chini ya usukani kichwa chini miguu juu, nikapapasa mpaka shingo ikakakamaa, sikuona tundu. Gari hili limetengenezwa kabla matundu hayo hayajaanza kuwekwa. Lake liko chini ya boneti, kijisanduku cheusi chenye mfuniko, na mashine yako haiingii hata kwa nyundo. Ungejua hayo kama ungewahi kuifungua hiyo boneti. Wewe ulizoea kupanda nyuma na kushushwa mlangoni.

Nikaenda kwa muuza spea, akaniazima mashine nyingine na mfuko mzima wa nyaya za kuunganishia. Moja ikaingia sawasawa. Nikashangilia kama mjinga, kumbe kioo kinaandika hakuna mawasiliano. Muuza spea akasema hata plagi ikikubali, kompyuta ya gari la zamani hivi haielewani na mashine za siku hizi. Fundi mmoja akacheka, akaniuliza kwa nini nisilipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nilimjibu maneno ambayo mama asingependa kuyasikia.

Mwisho nikaelekezwa kwa fundi umeme wanayemwita Miwani. Mashine yako hata hakuishika. Alikunja klipu ya karatasi, akaunganisha matundu mawili ndani ya kile kijisanduku, akaniambia nifungue swichi bila kupiga stata, nihesabu taa ya injini inavyokonyeza. Ikakonyeza mara moja, ikatulia, ikakonyeza mara mbili. Nikaandika kwenye trei ya mayai: moja na mbili, yaani kumi na mbili. Akapekua daftari lake lililochakaa, akasema kompyuta ilikuwa haipati habari kwamba injini inazunguka. Akafuata waya mpaka kwenye plagi yake, akanionyesha kibanio kilivyolegea kwa kuchomolewa na kurudishwa. Akasema huu si ugonjwa, huu ni mkono wa mtu.

Nikajua ni wewe, umemtuma yule rafiki yako anayekaa jirani yetu ili unichafue. Nilikutukana kuanzia getini. Mama alikuwa jikoni anakata vitunguu. Alinisikiliza weee, kisha akasema nisimtukane kaka yangu, aliyechomoa ni yeye mama.

Nilikaa chini. Akanieleza kwamba baba alikuwa akiuchomoa waya huo kila akiegesha mahali asipopaamini, wezi wasiliondoe gari, na mgongo ulipomshinda kuinama akamfundisha yeye. Kila asubuhi ya kuja kwako, nikiwa naoga, alikuwa akitoka na kanga begani, anachomoa, anarudi kukaa sebuleni na begi lake miguuni. Nikishaondoka kwa hasira kwenda kuomba trei zangu zibebwe na wengine, anaurudisha.

Nikamuuliza kwa nini. Kaka, mama amepika shuleni miaka thelathini, watoto mia nne kwa siku. Miezi ile mitatu aliyokaa kwenu, alisahau gesi mara moja, moja tu, mkafunga jiko kwa kufuli. Akawa anaomba maji ya moto kwa msichana wa kazi. Wageni wakija, wifi anamwambia apumzike chumbani. Hakukwambia kwa sababu wewe ni kifungua mimba wake, na anasema ulimpokea kwa furaha, hataki kukuvunja moyo.

Nami nina langu la kukiri, maana sitaki uwe na neno lolote la kunirushia tena. Gari lilipogoma nilikuwa nafoka mbele za watu, lakini begi lake nililirudisha chumbani nikiwa na furaha, mara zote tatu. Hapo hukukosea. Kwa yaliyobaki, nenda ukamwombe radhi baba mdogo na wote uliowajaza maneno.

Baba mdogo anasema Jumamosi unakuja na gari lako kumchukua mwenyewe. Njoo, ule, ulale, umpe mama habari za wajukuu. Msalimie wifi, nitamwambia yangu tukionana.

Mama anakusalimu sana. Hajui kama nimekuandikia. Ukimuuliza kama anataka kwenda nawe, atakwambia anataka, na atabeba begi. Usimuulize.

Ni mimi mdogo wako,
uliyemwita mwongo.