Mawakala Wangu Kumi na Wanne

Jumamosi, 14 Oktoba 1995
Kumi tayari! Bado wanne. Bwana Hermenegildi, mgombea wetu, anataka mawakala kumi na wanne wa kujitolea, la sivyo kura zitahesabiwa sisi hatupo. Hatupo? Mimi? Nimeuza mchele Kibaoni miaka kumi na moja — mlango gani nisioujua? Edna kakubali hata sijakaa. Salha wa dukani kauliza kama kuna fulana. Ipo!

Jumanne, 17 Oktoba
Nimekwenda kijiji cha Mofu, juu ya lori la mpunga. Kiuno hakinitaki. Mzee Barnaba anasema wanne wake watakuja semina kama kuna chakula. Nitapika.
Bwana Kassian, mgombea wa upande wa pili, eti ana mawakala wanane tu. Maskini!

Alhamisi, 19 Oktoba
Fulana zimefika. Saizi moja zote. Wakala wetu Beno kavaa yake, kitovu nje. Tumecheka!

Jumamosi, 21 Oktoba
Semina, ofisini. Wote kumi na wanne wamekuja, wali na kambale wakafagia. Nikasema tupige kura za majaribio, wajifunze kuhesabu. Karatasi za daftari, boksi la sabuni. Kila mtu apige kama atakavyopiga tarehe 29, kwa siri. Mimi nikageukia ukuta.
Edna akasoma. Kassian. Hermenegildi. Kassian. Kassian… Nikadhani utani wa Kipogoro. Rudieni! Wakarudia.
Kassian tisa. Hermenegildi tano.
Nikawauliza wamevaa fulana ya nani. Mwishowe Salha, kwa upole — yeye hamjui huyo bwana, kaja kwa sababu mimi, mama Balbina, nimemwita. Na si nimesema kura ni siri?
Nimeumia. Nikiwafukuza tisa, vituo tisa havina mtu, na zimebaki siku nane. Nikiwaacha… Lakini jamani, wamehesabu vizuri! Hakuna karatasi hata moja iliyopotea.
Sasa Edna kanisogezea fomu ya matokeo, nisaini. Nimewafundisha mwenyewe asubuhi: hesabu ikiwa halali wakala anasaini, hata mtu wake akianguka. Wote wananitazama. Gari la Bwana Hermenegildi limesimama nje, kaja kuwapongeza.
Nimejifanya naandika ripoti. Kalamu ni hii moja, na Edna kanyoosha mkono aichukue —