Mstari wa Maziwa

Jumatatu, 4 Oktoba 1999
Makindu. Vumbi mpaka kwenye kibodi. Nimekagua faili tatu za maandishi ya programu ya kompyuta ya mradi wa mifugo: Kiingereza, Kiswahili, Kikamba. Kila mstari lazima uwe na wenzake katika faili nyingine. Wa Kikamba ukikosekana, kompyuta humwonyesha mfugaji ule wa Kiingereza, asioweza kuusoma. Leo katika Kikamba umekosekana ule unaokataza kunywa maziwa ya ng'ombe aliyedungwa dawa. Nimeurudisha. Labda niliuruka.

Jumanne, 5 Oktoba
Umetoweka tena. Sikuuruka.

Alhamisi, 7 Oktoba
Namshuku Mutinda. Yeye ndiye mtafsiri wetu wa Kikamba, na juzi nilimwona akinywa chai na muuza dawa za mifugo. Wanacheka. Dawa inayokunyima maziwa ni ngumu kuuza. Sitaki kuamini. Naamini. Leo ameniletea ndengu kutoka kwao Ikutha. Nimezipokea bila kumtazama usoni.

Ijumaa, 8 Oktoba
Nimebadilisha neno la siri. Mutinda akajaribu kufungua faili, ikakataa.
"Umenifungia?"
Nikasema ni amri ya ofisi. Uongo. Neno jipya nimempa mkuu wetu tu, Bwana Mulwa.

Jumanne, 12 Oktoba
Mutinda yuko Ikutha, anatayarisha kompyuta ya wafugaji pale sokoni. Faili hawezi kuigusa. Mstari niliourudisha hauko tena. Mwingine mwenye neno la siri ni Bwana Mulwa.

Jumatano, 13 Oktoba
Nimemuuliza Bwana Mulwa. Hakukana.
"Mama Mueni, hawa watu wanaishi kwa maziwa. Ukiwakataza, hawatatibu ng'ombe. Ng'ombe akifa watakunywa nini?"
Nilikuwa nimeanza kumwelewa. Nikauliza mbona kwa Kiingereza ameuacha.
"Hicho kinasomwa na wafadhili."
Hapo nikaacha kumwelewa.

Ijumaa, 15 Oktoba
Ikutha. Nimemweleza Mutinda yote, hata kwamba nilimshuku yeye.
"Yule muuza dawa ni shemeji yangu," akasema. "Ungeniuliza tu."
Tumeurudisha mstari kwenye kompyuta ya hapa. Mutinda akaongeza mwingine chini yake: wenye ng'ombe wawili watibu mmoja kwanza, wa pili abaki wa kukamuliwa. Hilo halikuwa limenijia. Wala Bwana Mulwa.

Jumamosi, 16 Oktoba
Kompyuta imewashwa asubuhi. Akaja mama mmoja na binti yake. Binti akasoma kwa Kikamba, kwa sauti, polepole. Mama akakunja uso aliposikia habari ya maziwa, akataka kuondoka. Binti akamshika mkono, akasoma mstari wa pili. Wakatoka wakibishana ni ng'ombe yupi atangulie.
Bwana Mulwa, aliyekuja kuona kompyuta ikianza kazi, alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Akaingia kwenye gari.
Jumatatu nitajua kama bado nina kazi.
Mutinda hajanisamehe, naona. Lakini alivuta kiti kingine kando ya chake. Nikakaa. Tukangoja mtu mwingine aje kusoma.