Kibuyu cha Maji Ngitilini

Mjukuu wangu Kabula,

Huku Tinde tu wazima. Mama yako anauliza kama homa imekuacha.

Unauliza kwa nini mnatumwa tena kupima udongo uliokwisha kuota nyasi. Miaka ya sitini, nikiwa kijana, tulifunga ngitili, malisho yetu yaliyochakaa, yapumzike. Nyasi zilirudi, lakini kila mwaka mama yangu alimwaga kibuyu cha maji palepale, nayo yakateleza yakaenda zake. Mwaka mmoja ardhi ikayanywa yote. Baba, akihurumia ng'ombe wake waliokonda, akashika miiba ya lango afungue.

"Baba Ngassa," mama akasema, "mgonjwa kaanza kunywa uji leo, unampa jembe?"

Baba akairudisha miiba.

Nawe usikimbilie vipimo, mke wangu. Maliza uji kwanza.

Babu yako, Ngassa